Ugiriki Juu ya Sinia la Ugali

Kabla sijaja Marekani nilifundisha jiografia na historia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, na huko nilijifunza kwamba mwanafunzi haielewi ramani mpaka uisogeze karibu na mkono wake. Ramani ya ukutani ni nchi ya watu wengine. Ukimjengea mlima kwa kitu anachokishika kila siku, anaanza kuuliza maswali. Ndiyo maana nilipokuwa nikiishi Woodbridge, Virginia, niliijenga Ugiriki ya kale kwa ugali.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, kwenye mtaa wa miti mikubwa na nyasi zilizokatwa sawasawa, karibu na barabara kuu ya I-95. Jioni ungesikia magari yanayotoka Washington yakisota kuelekea kusini. Mwenye nyumba, Mtanzania mwenzangu, aliishi ghorofa ya juu na mkewe. Wapangaji tulikuwa wanne, wawili sakafu ya kati na wawili besimenti, na tulikuwa na jiko moja na friji moja.

Aliyetangulia kuhamia, na kwa hiyo mwenye sauti, alikuwa mama wa Kizanzibari aliyepika kwenye kantini ya jengo la ofisi mjini. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Wa pili alikuwa Mkenya wa Nakuru, mtu mzima wa makamo, aliyeendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Huyo tulimwita Dereva, naye hakuweza kunyamaza chakula kikiwa mezani. Mimi nilikuwa msaidizi wa darasani katika shule ya msingi ya jirani, na wote waliniita Mwalimu. Wa nne alikuwa mama wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Kwao alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi. Hapa vyeti vyake havikutambuliwa, akawa analea wazee majumbani mwao: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Alitaka kuwa muuguzi tena, basi.

Chuo cha jamii kilicho karibu nasi kilitaka amalize masomo kadhaa kabla ya kuingia kwenye uuguzi. Anatomia aliifaulu vizuri sana. Kemia aliifaulu. Lililobaki lilikuwa somo la historia ya ulimwengu wa kale, alilolichagua kwa sababu ratiba yake iliendana na ya basi. Alilifeli. Chuo kilimruhusu kulirudia mara moja tu. Akilifeli tena, mlango wa uuguzi unafungwa pale, na hakuwa na gari la kumfikisha chuo kingine. Basi lililosimama mwisho wa mtaa wetu ndilo pekee lililompeleka darasani na kazini. Ukimwondoa kwenye nyumba ile, umemwondoa kwenye uuguzi. Hilo sote tulilijua, na naomba msomaji alikumbuke.

Aliniletea karatasi yake ya kwanza Jumapili moja mchana, nilipokuwa nasonga ugali. Swali lilitaka aeleze jinsi ardhi ilivyowaumba Wagiriki. Aliandika ukurasa mzima kuhusu miungu yao. Chini, kwa kalamu nyekundu, mkufunzi aliandika kwamba mtu asiyeweza kufuata swali rahisi afikirie mara mbili kabla ya kugusa mgonjwa.

Dereva aliisoma juu ya bega lake, tena kwa sauti.

"Mathe," akasema, "huko Congo umezalisha watoto wangapi?"

"Siyahesabu. Bengi."

"Na kati ya hao wote hakuna hata Mgiriki mmoja? Angekusaidia sasa."

Bi Mkubwa alicheka hadi akashika meza. Mama wa Bukavu naye alitabasamu, kama wanavyotabasamu watu waliozoea kuchekwa katika nyumba isiyo yao. Nikamwambia, "Keti, dada. Leo tutakula somo."

Nilipakua ugali kwenye sinia la bati, nikautandaza, kisha nikaanza kuufinya kwa vidole. Nilimweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wa kidato cha tatu. Misri ina mto mmoja mrefu, na watu wote wamepangwa kandokando yake kama shanga kwenye uzi. Mwenye kuushika mto kawashika wote. Ugiriki haina mto wa namna hiyo. Ina milima. Nikainua ugali katikati, nikauvuta huku na huku, hadi sinia zima likawa matuta yenye vishimo kati yake. Katika kila kishimo nikaweka kijiko cha sombe, yale majani ya muhogo aliyoyapika yeye mwenyewe.

"Haya mabonde ndiyo mashamba," nikasema. "Madogo, unaona? Kila bonde lina mji wake. Kutoka bonde hili kwenda lile ni lazima uvuke mlima, na wakati wa baridi njia zinafungwa. Sasa niambie, watu wa hapa watamtii mfalme wa pale?"

Alilitazama sinia. "Hapana. Atabatuma barua, haifike."

"Vizuri sana. Endelea."

"Donc kila mutaa inakuwa na chef yake."

"Na sheria zake, na fedha zake, na jeshi lake. Wanasema lugha moja, wanaabudu miungu ile ile, na bado kila mji ni nchi."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu wa Morogoro aliyewahi kuniuliza. "Mwalimu, ni ju ya hiyo Mutume aliandikiaka Bakorintho barua yabo, na Bathesalonike barua yabo, na Bafilipi yabo? Haikukuwa barua moya ya Bagiriki bote?"

Nilifurahi hadi nikaacha mwiko. Nilimwambia kwamba Mtume alikuja karne nyingi baadaye, wakati Warumi wameshawatawala wote, lakini desturi ya kuishi mji kwa mji ilikuwa bado haijaisha. Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Alikuwa amelibeba jibu la mtihani tangu ubatizo, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha nikamimina mchuzi wa samaki kuzunguka ugali, ukaingia kwenye kila pembe niliyoiacha wazi. Hiyo ni bahari, nikasema. Mlima unatenganisha, bahari inaunganisha. Mtu wa bonde hili anamfikia mtu wa kisiwa kile kwa urahisi kuliko jirani yake wa nyuma ya mlima. Nikaweka juu yake dagaa wawili watatu kuwa meli.

Dereva akanyoosha mkono, akabomoa kipande, akakichovya. "Hii ilikuwa mji gani?"

"Korintho."

"Tamu." Akalamba vidole. "Mathe, andika hivyo kwa exam. Korintho iliangushwa na Mkenya."

Nilimtolea Mama wa Bukavu mfano mwingine wa nyumbani. Nilimuuliza kwa nini sisi Waswahili wa Woodbridge hatuendi harusi za Greenbelt wala misiba ya College Park, kule Maryland, wakati kwenye ramani ni pua na mdomo. Akajibu bila kufikiri: "Ni ile daraja." Daraja la mto Potomac, Ijumaa jioni. Mtu akitoka hapa saa za kazi zikiisha, anafika harusi imefika kwenye kukata keki. Ndiyo maana kuna kwaya ya huku na kwaya ya kule, chama cha huku na cha kule, na kila kimoja kinakisema kingine vibaya. Alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akaandika. Nilimwonya kwamba ardhi haimwamulii mtu, inamsukuma tu, na kwamba mkufunzi mzuri atataka kuiona tofauti hiyo. Hilo nalo akaliandika.

Hivyo tukaendelea kila Jumapili baada ya ibada. Bi Mkubwa na Dereva walibaki mezani kwa sababu ya chakula, lakini walisikiliza. Bi Mkubwa alipenda habari za Sparta. Nilieleza kwamba Wasparta walipata walichokosa wengine, yaani mabonde mapana yenye rutuba, na kwamba walilichukua moja kwa kuwashinda waliokuwa wakilima pale, wakawafanya watumwa wa mashamba yale yale. Watumwa wakawa wengi kuliko mabwana. Hapo bwana hana usingizi. Inasemekana kila mwaka walitangaza vita rasmi dhidi ya watumwa wao wenyewe, ili anayemuua mmoja asihesabiwe mwuaji.

"Lo! Watu wenye utaratibu hao," alisema Bi Mkubwa. "Sio kama humu, mtu anakutia jicho kwenye friji kimyakimya."

Humu kulikuwa na vita vyetu. Friji ilikuwa na rafu nne, na rafu ya Mama wa Bukavu ilikuwa ya chini, penye maji yanayotiririka. Alipenda samaki wakavu, na samaki wakavu hunuka. Bi Mkubwa alikuwa akipita jikoni na khanga puani. Asubuhi moja ya baridi kali Mama alilikuta sufuria lake nje, juu ya ngazi, mchuzi umeganda kama sabuni na alama za meno ya mnyama pembezoni.

"Nani aliweka chakula yangu inje?"

"Kilitoka chenyewe, mwanangu," Bi Mkubwa alijibu. "Kiliona haya."

Nililiosha sufuria pamoja naye. Nilimwambia asilie, amekaribia, karatasi yake ya pili imepata alama nzuri. Na ilikuwa kweli. Aliandika kuhusu udongo mwembamba wa Ugiriki, unaokubali mzeituni na mzabibu na mbuzi lakini si ngano ya kutosha, na jinsi Athene ilivyolazimika kuifuata ngano ng'ambo ya bahari. Mkufunzi aliandika neno moja tu pembeni, la sifa. Mama alilikata lile neno kwa mkasi, akalibandika juu ya kitanda chake.

Majuma machache kabla ya mtihani wa mwisho tulifika kwenye mambo mawili niliyoyaacha makusudi hadi mwisho, kwa sababu ni magumu. La kwanza lilikuwa ni kwa nini Waathene walikuwa na desturi ya kumfukuza mtu kwa kura. Nilieleza hivi. Mji wao haukuwa mdogo kama mingine, lakini wakubwa wake walijuana wote kwa sura, na walikutana kila siku sokoni. Ukigombana na mtu mwenye nguvu huna pa kumkwepa, mlima uko nyuma yako na bahari mbele. Chuki ikizidi mtauana. Basi wakabuni njia: mwaka ambao watu wameona inafaa, kila raia anakwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Anayepata majina mengi anaondoka miaka kumi. Hashitakiwi kosa lolote. Mali yake haiguswi. Anaondoka tu.

"Hata kama hajafanya kitu?" aliuliza Mama.

"Hata kama hajafanya kitu. Hawakuulizwa amekosa nini. Waliulizwa nani aondoke."

Dereva aligonga meza. "Maze, hiyo ndiyo tunahitaji hapa."

La pili lilikuwa makoloni. Bonde likishajaa watu na mvua ikikosekana, mji ulichagua baadhi ya watu wake, mara nyingi vijana wenye nguvu, ukawapandisha melini kwenda kutafuta bonde jingine, Sisilia au Libya au Bahari Nyeusi. Wakati mwingine walichaguliwa kwa kura, wapende wasipende. Kuna kisiwa kimoja ambacho inasimuliwa kwamba waliopelekwa walishindwa, wakageuza meli kurudi nyumbani. Ndugu zao waliwapiga kwa mawe na mikuki kutoka ufukweni, hawakuruhusu mguu hata mmoja ukanyage, mpaka wakageuza tena.

"Ndugu zabo kabisa?" aliuliza Mama.

"Ndugu zao kabisa. Chakula kilikuwa hakitoshi."

Aliandika hayo yote kwa herufi zake za kuunganisha, alizofundishwa na masista.

Jumamosi iliyofuata mwenye nyumba alishuka. Alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na funguo mkononi, kama mtu anayepita tu. Alisema majirani wamelalamika juu ya magari yaliyojaa mtaani na juu ya watu wengi wasio ndugu kwenye nyumba moja. Mtu wa kaunti alikuwa ameshakuja kutazama. Mwisho wa mwezi, wapangaji wabaki watatu.

"Nani atoke?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Mimi sitaki lawama," alisema. "Wote ni watu wangu. Amueni wenyewe, mniletee jina." Akapanda ngazi. Juu tulimsikia akiwasha televisheni.

Nikaona macho yanahamia kwa Mama wa Bukavu, ya Bi Mkubwa kwanza, halafu ya Dereva. Mama aliliona hilo kabla yangu. Aliinuka, akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Mtihani ulikuwa juma moja tu baada ya mwisho wa mwezi. Angekwenda wapi? Hakuwa na ndugu Virginia nzima. Chumba kingine karibu na basi lile hakikuwapo kwa uwezo wake. Kwa hiyo jioni ile na kesho yake asubuhi nilifanya ninachokijua, nikaeleza. Nilimfuata Bi Mkubwa chumbani kwake, nikakaa kwenye ncha ya kitanda. Nikamwambia samaki ni samaki tu, lakini majirani hawajalalamikia harufu, wamelalamikia magari. Mama hana gari. Ukimtoa yeye, magari yanabaki matatu vilevile, lako, la Dereva na langu, mtu wa kaunti atarudi, na safari hii atamtoa anayemtaka yeye. Bi Mkubwa alisikiliza akiwa anasugua miguu kwa mafuta.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Kweli wewe mwalimu."

Nilimfuata Dereva garini, alipokuwa akifuta dashibodi. Nikamweleza yale yale, kwa mifano ya barabara. Alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hivyo lazima gari moja itoke."

"Ukitumia akili, ndiyo."

"Mwalimu, wewe ukielezea kitu, mtu anaelewa."

Nilirudi ndani nimetulia. Niliamini nimemwokoa.

Jumapili mchana tulikaa mezani. Dereva alikuwa amepata sahani ya udongo yenye ufa, akaifunga kwenye taulo na kuipiga kwa mchi. "Tufanye kama Wagiriki wenyewe," alisema. "Siku hizi sisi ni wasomi." Akatugawia vigae na kalamu ya wino mzito. Bi Mkubwa aliweka sufuria tupu katikati. Mimi niliandika jina la Dereva. Nilifikiri vizuri kabla ya kuandika: alikuwa na afya, alikuwa na gari, kazi yake haikuwa na ofisi, angeweza kulala Maryland leo na kuamkia barabarani kesho kama kawaida. Sikuwa na chuki naye hata kidogo.

Bi Mkubwa aliingiza mkono, akatoa cha kwanza. "Dereva."

"Ala!" alisema Dereva, akacheka.

Cha pili. "Mwalimu."

Cha tatu. "Mwalimu."

Nilidhani sijasikia. Alipotoa cha nne, hakukisoma, alikiweka tu mezani mbele yangu. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za kuunganisha, nzuri, herufi za masista.

"Pole, Mwalimu," alisema Dereva. "Lakini wewe mwenyewe ulisema gari moja itoke. Yangu ni kazi. Ya Bi Mkubwa, mtu mzima kama huyu atembee kwa baridi?"

"Na tena hukukosa chochote, mwanangu," Bi Mkubwa aliongeza, akinipapasa mkono. "Si ulisema hawaulizi kosa? Mali yako hatutaigusa. Ila ile sufuria yako kubwa, kama haitakutosha garini, niachie."

Walicheka wote wawili. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Kilikuwa cha watu walionusurika.

Mama wa Bukavu alikuja chumbani kwangu nilipokuwa nafungasha. Hakuomba ruhusa, alichukua sweta kitandani akaanza kulikunja, kwa ule ustadi wa wauguzi wa kukunja shuka pembe kwa pembe. Tulikunja nguo pamoja kwa muda mrefu.

"Unanikasirikia, Mwalimu?"

"Nieleze kwanza."

Akaweka sweta chini. "Bo bawili balikuya kwangu nyuma ya weye kuongea nabo. Banasema, ni weye ao Mwalimu. Chagua." Alizungumza polepole, kama anayejibu mtihani wa mdomo. "Mi nikafikiri sawa ulinifundisha. Bonde haitoshe. Ni lazima moya aende. Nani anaenda? Ni ule iko na nguvu ya kuanza tena, ule iko na mashua. Weye uko na gari. Uko na makaratasi. Kingereza yako iko muzuri. Gari yako itafika Maryland, itarudi ku kazi. Mi niko na basi moya. Mi nikitoka hapa, niko nimekufa."

"Ungeweza kuliandika jina la Dereva pamoja nami. Tungekuwa wawili kwa wawili."

"Wawili kwa wawili, mwenye nyumba anachagua mwenyewe mu sisi bote. Atabakisha nani, Mwalimu? Mutanzania mwenzake, ao mimi?"

Nililipima jibu lake. Halikuwa na tundu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa nimewapa alama kamili wanafunzi waliojibu vibaya kuliko vile.

"Jibu lako ni zuri," nikamwambia. "Lakini kwenye mtihani anza na udongo. Udongo mwembamba, chakula kidogo, ndipo useme nani alitumwa. Ukianza na watu, mkufunzi ataona umeruka sababu."

"Udongo kwanza," alirudia. Akachukua sweta jingine.

Nilipata chumba Greenbelt, kwa familia moja ya Kikenya, karibu na kile kituo kikubwa cha utafiti wa anga. Kila asubuhi nilitoka gizani kuelekea kazini Woodbridge, nikalivuka daraja pamoja na wengine wote walioishi upande usiofaa. Baada ya siku chache nilirudi kuchukua barua zangu na koti la baridi nililolisahau. Bi Mkubwa alifungua mlango kwa upana wa mnyororo, akanipitishia mfuko kwenye ule mwanya. "Usikawie hapo, mwanangu, utapata mafua," alisema. Nyuma yake niliona chumba changu kiko wazi na kitanda kipya ndani. Mpwa wa mwenye nyumba alikuwa amehamia. Mbele ya nyumba yalisimama magari yake mawili, moja likiwa lori dogo la kubebea zana.

Jioni ya kuamkia mtihani simu yangu iliita. Sauti za jikoni zilisikika nyuma yake, Dereva akisimulia kitu, sahani zikigongana.

"Mwalimu, pardon. Iko swali moya. Bale balitumwa ng'ambo, kisha balifanikiwa, balichukia muji yao ya kwanza?"

Ningeweza kukata. Lakini swali lilikuwa zuri. Nilisogeza kiti, nikamweleza kwamba wengi waliendelea kuuheshimu mji uliowazaa, wakaupelekea sadaka na kuwapokea wajumbe wake, na moto wa kwanza wa madhabahu yao waliuchukua huko. Lakini si wote. Korintho ilipigana baharini na koloni lake mwenyewe. Mimi naona inategemea waliagwa namna gani, ila hilo ni wazo langu, asiliandike.

"Siliandike," alikubali. "Iko mu examen?"

"Sidhani. Lala mapema. Kula kitu asubuhi. Soma swali mara mbili kabla ya kuandika, utafaulu."

Alifaulu, tena vizuri. Alinitumia picha za karatasi yake, kurasa zote, bila neno lolote. Nilizisoma nikiwa garini, kwenye maegesho ya shule, kabla kengele haijalia. Alianza na udongo. Akaenda kwenye milima, kwenye mabonde, kwenye bahari iliyoingia kila pembe. Aliitaja barua ya Wakorintho, na mkufunzi aliweka alama ya vema kando yake. Uuguzi ungeanza muhula ujao, na basi lingempeleka.

Nilimwandikia hongera, nikamwambia kwamba nimejivunia, na nilimaanisha. Kisha nikaona katika aya ya mwisho aliandika kwamba walioondoka kwenda kuanzisha miji mipya waliondoka kwa hiari yao, ili wenzao wapate nafasi. Mkufunzi hakuliona kosa hilo, au hakujali. Niliikuza picha kwa vidole, nikaizungushia sentensi ile duara jekundu, nikairudisha kwake na maneno mawili chini yake: *Si wote.*

Zile alama mbili za buluu zilitokea papo hapo, zikionyesha amesoma. Hakujibu, na kengele ikalia.